Nguo Zilizoachwa Kambani

Katika nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji la Nairobi, tulizoishi pua na mdomo na Soko la Burma, safu nzima ya nyumba ilikuwa na bomba moja tu la maji. Kando yake palikuwa na sakafu ya kufulia na kamba za kuanikia. Ukitaka kujua nani amejifungua, nani ameachishwa kazi, au nani amepika nyama katikati ya mwezi, hukuwa na haja ya kununua gazeti. Ulichukua ndoo ukaenda bombani. Habari ikitajwa pale asubuhi, kabla ya saa sita ilikuwa imeshafika mtaa wa mbali wa Dandora, imekunywa chai, na iko njiani kurudi ikiwa imeota mkia.

Ni pale bombani mke wangu alipoitwa mwizi.

Aliyemwita hivyo alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama kutoka upande wa magharibi ambaye sote tulimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti wake mapacha. Sisi tulitoka upande wa mlimani, lakini chumvi haijui kabila. Ilivuka baina ya milango yetu kila siku. Mama huyu alikuwa na mkono wa ajabu wa kufuma vitambaa. Miaka ile ya sabini ikielekea ukingoni, nyumba isiyo na vitambaa juu ya viti ilikuwa kama mtu aliyetoka nje bila shati. Vyake vilikuwa na umbo la nanasi, na weupe wake ulikufanya ufumbe macho.

Desturi ya akina mama ilikuwa kwamba ukipenda mtindo wa mwenzako, unamwomba kitambaa kimoja ukanakili, halafu unakirudisha. Mke wangu hakuomba. Alikuwa akinywa chai kwa jirani huku akivisoma kwa macho, kisha anarudi nyumbani kufuma vyake kimyakimya. Alitaka kumshangaza rafiki yake. Wiki ileile alipovimaliza na kuvitandaza, vya Mama Pacha vikatoweka kambani.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimetoka kiwandani mapema, nimejifungia na kitabu, maana nilikuwa nasomea cheti changu katika shule ya jioni na niliamini Kiingereza kingenihamisha kanju hadi ghorofani. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Pacha. Sauti ile ingeweza kuita ng'ombe kutoka Kisumu bila simu.

"Kumbe nimefuga nyoka! Anakunywa chai yangu, anapima vitambaa vyangu kwa macho, halafu anavitoa kambani! Mwizi wa kamba, wee!"

Kabla sijavaa viatu, alikuwa ameshaingia kwetu na wenzake wawili. Walivikusanya vitambaa juu ya viti kama askari wa kanju anavyobeba ndizi za mchuuzi. Mke wangu alikuwa anachambua mchele.

"Hivyo ni vyangu," alisema. "Nimevifuma kwa mkono huu."

"Si ndio mkono wenyewe uliovivuta kambani!" mmoja wa wale wawili akajibu, wakacheka.

Mke wangu aliweka ungo chini. "Chukua," alimwambia jirani yake. "Siku utakapoujua ukweli, utajua pia mahali pa kuusema."

Tangu siku hiyo, kila mke wangu alipotokea bombani na karai lake, mmoja wa wale wawili alivuta kigoda akaketi chini ya nguo zake mwenyewe kuzilinda. Mwingine alianza kuanua zikiwa bado zinadondosha maji. Hakuna aliyemtukana tena. Hakukuwa na haja. Kanisani, yeye ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu, na kazi hiyo aliipenda kuliko nyingine yoyote. Vikakabidhiwa mama mwingine. "Upumzike kidogo, mama," walimwambia, kwa upole unaoua. Mimi ambaye hutania hata matangani nikajificha nyuma ya kitabu changu. Usiku alikuwa akigeukageuka kitandani hadi kuku wa jirani walipowika.

Mwezi wa Desemba Mama Pacha na mumewe walikwenda nyumbani kwao. Mama mkwe akawakaribisha ndani, na mbele ya ukoo mzima akamshukuru mkaza mwana kwa vitambaa vizuri alivyomtilia kikapuni siku mama mkwe huyo alipowatembelea Nairobi. Vilikuwa pale juu ya meza, chini ya redio. Kumbe siku vilipopotea, Mama Pacha alikuwa ameanua nguo kwa haraka, akazitupa juu ya kikapu cha mgeni, vitambaa vikabaki juu ya mikate, naye akakifunga asiangalie.

Haya nilisimuliwa na Baba Pacha mwezi uliofuata, pale Burma, mbele ya ubao wa nyama choma.

"Mzee mwenzangu, leo utakula mpaka mshipi ukatae," alisema. "Wanawake hawa, bwana! Wacha sisi wanaume tuyamalize."

Nikayamaliza. Nilikula mbavu hadi mbuzi mwenyewe angenihurumia, tukashikana mikono, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi kumpa mke wangu habari njema.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwani ni wewe uliyeitwa mwizi?"

"Sasa mama watoto…"

"Basi umekula nyama ya jina langu."

Nikavua mshipi, nikaenda kulala.

Baadaye Mama Pacha mwenyewe alikuja, jua likizama, akiangalia nyuma kama mtu anayekwepa mvua. Alileta vitambaa vyetu vimefungwa ndani ya gazeti, pamoja na sukari na majani ya chai.

"Dada, ni shetani alitupitia," alisema. "Tuyaache hapahapa ndani. Tusiwape watu la kusema."

"Watu wameshapewa," mke wangu akasema, akimmiminia chai. "Vitambaa nimepokea. Sukari rudi nayo, mabinti wako wanywe uji. Mimi sikuibiwa sukari."

Nikaona ni wakati wa elimu yangu kufanya kazi. Nikakohoa, nikaanza, "Lakini Biblia inasema…"

"Najua inavyosema. Chuki sina, nimeshamwachia Mungu," alinikata. Kisha akamgeukia mwenzake. "Ila kesho nikitoka na karai, nani atamwambia yule mama ainuke pale chini ya nguo zake?"

Mama Pacha alianza kulia. "Kwa hivyo unataka niaibike?"

"Sitaki uaibike. Nataka mimi niache kuaibika."

Chai ile haikumalizwa. Mgeni wetu aliondoka na sukari yake, na mimi nikadhani mambo yameharibika kabisa.

Jumamosi iliyofuata bomba lilikuwa limejaa watu; nilisimama kwenye foleni na ndoo, mwanamume pekee. Mama Pacha alikuja na nguo za nyumba nzima. Aliweka karai chini, akafunga bomba kwa mkono wake mwenyewe.

"Akina mama, nilisimama hapa nikasema jirani yangu ni mwizi," alisema. Sauti ile ya kuita ng'ombe ilikuwa imekauka, lakini alihakikisha mama wa mwisho kule kwenye kamba anasikia. "Hakuiba. Ni mimi niliyevifunga vitambaa vyangu kwenye kikapu cha mama mkwe. Vile nilivyobeba kwake alivifuma yeye. Nilimwita mwizi nikiwa sijui. Na nilipojua nilinyamaza, nikaona haya. Hilo la pili ndilo baya zaidi."

"Aa, Mama Pacha, si hayo yaliisha?" akasema mmoja wa wale wawili walioingia kwetu.

"Kwako yaliisha. Ulikuwa umekaa kigodani."

Mke wangu aliendelea kusuuza shati langu la Jumapili kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine. Mama Pacha naye akafungua bomba, akafua, akaanika: mashati ya mumewe, sare za mabinti, na vile vitambaa vyake vya nanasi, alivyorudishiwa na mama mkwe. Alipomaliza akachukua kikapu chake.

"Dada," alisema, "mimi nashuka Burma. Niangalilie nguo zangu."

Naapa hata bomba liliacha kudondoka. Mke wangu aliinua macho kwa mara ya kwanza, akatazama vitambaa vile, kisha mbingu.

"Nenda. Usikawie, kuna wingu."

Mama wa kigoda aliinuka polepole, akabeba kigoda chake, akaingia ndani.

Mvua ilikuja kwa kishindo, ile ya Nairobi isiyobisha hodi. Mke wangu alikimbilia kamba ya Mama Pacha kwanza. Zetu zikalowa. Nilipojaribu kuokoa shati langu alinipa mikononi sare za mapacha. Ndani aliketi akazikunja moja moja, na vile vitambaa akavinyoosha kwa kiganja, taratibu, nanasi kwa nanasi, na hapo ndipo machozi yake yalipotoka.

Mama Pacha alirudi amelowa chapachapa. Akasimama mlangoni, akaona nguo zake kavu juu ya meza yetu na zetu zikichuruzika kwenye karai.

"Dada, nisamehe," alisema.

"Ingia ukauke kwanza," mke wangu akamjibu, akamvutia kiti.

Vitambaa vya madhabahu havikurudishwa kwake kamwe, hadi tukahamia mtaa wa Umoja. Yapo maneno yanayotoka bombani yasiyorudi hata ukifunga bomba. Lakini kesho yake, Jumapili, nilivaa shati bichi kanisani, lenye unyevu hadi kwenye kola, nikakaa kando ya mke wangu aliyenyoosha shingo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitetemeka tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, wala sikulalamika.