Kitabu cha Pili Kiko Pweto

Watu wakiona kabati langu la vitabu hapa mtaani Makomeno wanafikiri nimerithi kwa mzungu. Nirithi nini! Riwaya zote zile za Kiingereza za enzi ya Viktoria, zenye majalada ya ngozi na picha ndani, nimezikusanya moja moja, na ya kwanza niliitoa mikononi mwa muuza samaki.

Ilikuwa baada ya uporaji, askari walipovunja maduka na nyumba mjini. Wazungu wenye villa walikuwa wamekimbilia uwanja wa Luano kupanda ndege, na nyumba zao zilichukuliwa hadi milango. Mimi nilifundisha Kiingereza katika lisée, shule ya sekondari, ila mshahara haukuja. Mume wangu alikuwa dereva wa treni. Treni zilisimama, naye akasimama hivyo hivyo: alikaa kwenye kiti akitazama ukuta, hasemi na mtu. Nilimfokea, nilimbembeleza, nilimwombea. Wapi! Niliogopa kwamba nitamzika akiwa bado anapumua.

Asubuhi moja sokoni, mama mmoja wa Pweto, kule ziwani, alikuwa akiwafungia watu samaki wakavu kwa karatasi za vitabu vya zile villa. Alipoinua kingine achane, nikaona dhahabu kwenye kingo za kurasa. Nikamkamata mkono.

"Weye mama, uko na akili kweli?"

"Lakini mama, karatasi iko muzuri, haipitishe mafuta!"

Nilikifungua. Yesu wangu! Karatasi nyembamba, unaona mwanga ndani yake, ilikuwa imefunika picha kama chandarua kinavyofunika mtoto. Nikaiinua. Msichana amesimama mlangoni, na kila uzi wa shali yake mtu ameuchora, mstari kwa mstari, mpaka unatamani kuigusa uone kama ina joto. Samaki niliwasahau. Nilisimama mdomo wazi, mwalimu mzima, watu wakinisukuma.

Riwaya ile ilikuwa katika vitabu vitatu, kama Waingereza wa wakati ule walivyopenda kuzigawa. Yeye alikuwa na cha kwanza na cha tatu. Cha pili alikuwa amempelekea mama yake Pweto, aone picha.

"Nitakuletea, mama, njia ikikuwa muzuri."

Nilivua kitenge changu cha juu nikampa, nikaondoka na viwili.

Nyumbani nilianza kumsomea mume wangu, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu. Hakugeuza hata kichwa. Kitabu cha kwanza kilimwacha yule msichana mlangoni, amefukuzwa kwao, ana sanduku moja, mvua inanyesha. Cha tatu kikamkuta katika mji wa mbali, tayari ni mwenye nyumba kubwa. Nikaendelea kusoma tu.

"Alifika namna gani kule?"

Nilidhani ni jirani dirishani. Kumbe ni yeye.

"Sijui, papa. Iko mu kitabu cha pili, na kitabu cha pili kiko Pweto."

Akafikiri. "Alipanda treni," akasema.

Basi, mdomo ukafunguka. Alimpandisha msichana kwenye stesheni yetu, akampitisha Likasi na Tenke, akamlaza Kamina kwa sababu injini iliharibika, akagombana na kontrola wa tiketi kwa ajili yake. Kila alasiri treni ilisogea kidogo. Majirani walianza kuja na viti vyao. Mimi nilinyamaza, na anayenijua anajua hiyo si kazi ndogo. Lakini nilikiogopa kile kitabu. Kikija kikisema vingine, si atarudi kwenye ukuta wake?

Kikaja. Mama wa Pweto alikileta mwenyewe mpaka nyumbani, kimefungwa katika kitenge changu kile kile, kinanuka samaki, hakuna ukurasa uliopungua. Nilitaka kukificha, lakini mume wangu alikwisha kunyoosha mikono.

Hakujua Kiingereza, kwa hiyo alisoma picha. Aliinua kila karatasi nyembamba kwa ukucha, taratibu, akishikilia pumzi. Farasi. Matope. Gari la farasi limekwama, msichana wetu analisukuma, sketi imelowa. Farasi tena. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akitafuta.

Akafunga kitabu, akaniangalia.

"Masikini," akasema. "Kumbe hata kwao treni haikufika."

Na akacheka, mume wangu, akacheka mpaka mama wa Pweto akaweka kikapu chini akacheka naye, bila kujua tunacheka nini.