Siku Niliyomnywesha Baraka kwa Kiganja

Ndugu zangu, mama amenisukuma mara tatu nisimame hapa mbele, na mara tatu nimemwambia anayestahili kushuhudia ni Baraka mwenyewe. Lakini Baraka hasemi. Basi nasema mimi, dada yake, na naomba msipige makofi kwanza, maana mwanzo wa habari hii si wa kupigiwa makofi.

Kabla ya Baraka tulikuwa wanne: baba, mama, mimi Neema, na mdogo wangu Upendo, ambaye nyote mnaujua ulimi wake. Baba alipakua mizigo bandarini Malindi, mama alishona sare za skuli kwenye kibanda cha fundi mmoja. Tulipanga vyumba viwili uani kwa Bi Zuhura. Wazazi wetu walitoka bara, lakini sisi watoto tumezaliwa hapahapa Unguja. Tofauti yetu na majirani niliiona Jumapili tu, na mwezi wa Ramadhani.

Baraka alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili. Hakulia. Alipofika miezi sita, shingo yake ilikuwa bado inaanguka, mikono imekakamaa, ngumi hazifunguki. Daktari akatuambia, "Ana mtindio wa ubongo. Hautapona kama malaria inavyopona. Lakini mtoto atakua, na atawahitaji ninyi nyote."

Mtaalamu wa mazoezi akatufundisha kumlisha. Akae wima, kichwa kisilale nyuma, kijiko kiwe kidogo, kisha usubiri ameze ndipo utie kingine. Kikombe kimoja cha uji kilichukua saa nzima. Mama aliporudi kazini, zamu ya alasiri ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Sitawadanganya. Nilimpenda, na nilimchoka. Kila aliyefungua mlango wetu aliuliza, "Baraka kala?" Baba akivua viatu, "Baraka kala?" Mchungaji akija kutuombea, swali ni hilohilo. Upendo, aliyekuwa na miaka minane, alimng'ata mkono mtoto wa skuli aliyemwita ndugu yetu zezeta. Mimi sikuwa na meno ya namna hiyo. Wenzangu wakija, nilisema mtoto amelala, nikaurudisha mlango.

Ramadhani mlango ulirudishwa zaidi. Mchana tulikula ndani kimya kimya, kwa heshima ya wenye nyumba. Jioni Bi Zuhura alituita sote tufuturu kwake, kila mwaka, bila kukosa. Mwaka ule binti yake Salma, rafiki yangu, alianza kufunga mwezi mzima. Nami nikafunga naye, kwa siri. Chai yangu ya asubuhi nilimpa Upendo, na chakula changu cha mchana pia. Si kwamba nilitaka kubadili dini. Nilitaka tu nije nikae kwenye ule mkeka wa futari nikiwa na njaa kama wao, niwe mtoto wa nyumba isiyo na mgonjwa.

Siku ya sita, saa kumi alasiri, njaa ilikuwa imenizidi. Nilikuwa na Baraka mapajani na kikombe kimejaa. Salma akaita kutoka uani, "Neema! Njoo tukune nazi, mama anakungoja!"

"Naam, nnakuja!"

Nikakitazama kile kikombe. Nikamkumbuka bibi yetu wa bara, alivyokuwa akiwanywesha watoto kwa kiganja. Nikamlaza Baraka chali, nikakinga kiganja mdomoni mwake, nikamimina uji, nikambana pua ili afungue kinywa. Uji ukaisha kwa dakika chache. Kisha akakohoa bila sauti. Macho yakamtoka, midomo ikawa rangi ya zambarau. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni, uji ukatoka puani, akavuta pumzi.

Upendo alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, "Ole wako ukisema." Nikamfuta mtoto, nikamlaza, nikaenda kukuna nazi.

Asubuhi yake mwili wa Baraka ulikuwa moto. Kifua kilibonyea katikati ya mbavu kila alipovuta hewa, na ndani yake kulikuwa na sauti ya kukoroma ingawa alikuwa macho. Tukamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Daktari akasema, "Ni nimonia, tena kali. Je, amepaliwa na chakula siku hizi?"

Mama akawahi kujibu. "Hapana, daktari. Anayemlisha ni dada yake huyu, na anamlisha vizuri kuliko mimi." Akanishika bega, akatabasamu.

Siku tatu dawa haikushika. Watu wa kanisa walikuja kuomba, Mungu awabariki. Shangazi mmoja akaanza kumuuliza mama ametenda dhambi gani, baba akamwonyesha mlango. Mimi nilijua dhambi ni ya nani. Sikula kitu, mchana wala jioni, na sasa haikuwa saumu tena.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Bi Zuhura alikuja hospitali na kikapu cha chakula cha mama, akiwa amemshika Upendo mkono. Upendo hakunisalimu. Alisema, "Dada, unasema wewe au nasema mimi?"

Nikasema. Pale pale barazani, mbele ya mama na Bi Zuhura, nikaeleza yote: kiganja, pua, rangi ya midomo, na kwamba nilikuwa nimefunga. Nilingoja kofi. Mama aliuliza jambo moja tu: "Uji ulitoka puani?" Nikaitikia. Akakimbia ndani kumtafuta daktari.

Bi Zuhura akanitazama. "Umefunga? Nani kakuamrisha? Wewe mtoto, tena dini si yako. Hata sie, mama anayemchelea mwanawe hafungi, atakuja kulipa siku nyengine." Kisha akafunua kikapu, akamega mkate wa kumimina, akanitia kinywani kwa mkono wake. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. "Tafuna, mwanangu. Polepole." Nililia huku natafuna.

Daktari alibadilisha dawa. Baraka akawekewa mpira wa puani wa kumpitishia chakula, asimeze kitu kwanza. Siku mbili baadaye homa ikashuka. Siku ya tisa wakautoa mpira, muuguzi akaleta uji na kijiko, akasema tujaribu.

Mama alinipa mimi kile kijiko.

Nikarudisha mikono nyuma. "Mama, siwezi. Nitamuua."

"Shika," alisema mama. "Usipomlisha leo, hutamlisha tena maisha yako yote, na mimi siwezi kupoteza watoto wawili."

Nikamkalisha wima. Nikatia uji kidogo, nikasubiri. Alikaa nao mdomoni muda mrefu. Kisha koo lake likapanda, likashuka. Mama alipiga magoti kando ya kitanda, na Upendo akasema kwa sauti wodi nzima isikie, "Kameza huyo! Tia kingine!"

Leo Baraka ana miaka kumi. Hatembei, na anacheka akisikia sauti ya baba. Ramadhani ikija hatufungi mlango kwa ajili yake. Bi Zuhura aliamuru mgonjwa alishwe uani, hadharani, na waliofunga humsubiri ameze. Upendo anasema atasomea ualimu wa watoto kama yeye, na nawahurumia wakuu wake wa skuli. Namshukuru Mungu aliyemrudishia ndugu yangu pumzi, na daktari, na mkono ule ulionilisha.

Wazazi, neno langu kwenu ni fupi. Mwacheni mtoto mkubwa asaidie, lakini msimwachie peke yake. Nanyi mnaokuja kutembelea nyumba yenye mtoto kama Baraka, mwombeeni, mbebeni, ulizeni kama amekula. Kisha, kabla hamjaondoka, mgeukieni dada yake aliyesimama pembeni na kikombe, mumuulize na yeye. Siku sita nilikaa na njaa ndani ya nyumba iliyojaa watu wema, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula.