Jina la Kevo Kwenye Daftari Langu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili, nilipoingia kituo cha polisi nikiwa na shahada mpya na kichwa kikubwa. Nilikuwa mhadhiri kijana, nikichunguza jinsi polisi wanavyowashughulikia vijana wa mitaani. Wiki kadhaa nilikuwa nimewahoji vijana wa mtaa wa Waithaka, nikiwaahidi kwamba siri zao zingebaki kwangu. Lakini majina yao nilikuwa nimeyaandika waziwazi daftarini. Nitayabadilisha baadaye, nilijiambia. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Siku hiyo nilikuwa nikimhoji mkuu wa kituo. Simu yangu ikalia, nikatoka nje kuipokea, daftari nikaliacha mezani. Niliporudi, lilikuwa wazi mkononi mwake.

"Huyu Kevo anasema askari wangu alimvunja mkono?" aliuliza kwa upole. Upole ule ndio ulionitia baridi. "Kumbe anakaa nyuma ya kanisa. Asante, madam. Umeturahisishia kazi."

Nilikimbilia Waithaka kwa teksi. Mama Kevo alikuwa akifua. Nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Alikamua shati, akalianika, ndipo akanitazama.

"Si ulisema hakuna mtu atajua?"

"Nilisema, mama. Nimekosa."

"Sasa hiyo kukosa yako itamsaidia aje? Kaa hapo. Leo huandiki. Wakikuja, watakupata na sisi."

Nikakaa. Kevo alikuwa ndani, umri wake miaka kumi na tisa, mkono ungali umevimba. Alitaka kutoroka, mama yake akamkataza, maana anayekimbia hupigwa risasi, kisha husemwa alikuwa na bastola. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani tulilichungulia mlangoni.

Adhuhuri walifika, askari watatu. Wakamfunga pingu, wakasema ni mwizi wa mabavu. Mama Kevo akapanda nyuma ya gari lao. Nami nikapanda.

"Madam, shuka."

"Sishuki," nikasema. Niliogopa, mwanangu, nisikudanganye, lakini nikashikilia chuma cha gari.

Kituoni hatukuondoka kaunta mpaka alipoandikishwa katika kitabu cha kituo mbele ya macho yetu, kwani mahabusu asiyeandikishwa ni rahisi kupotea. Nilimtafutia wakili. Kevo alikaa rumande wiki nyingi kabla kesi haijaanguka kwa kukosa shahidi. Alitoka hai, lakini kazi yake ya gereji pale Dagoretti Corner ilikuwa imepata mtu mwingine. Mwaka uliofuata tulikutana njiani. "Sasa, madam," akanisalimu, akavuka barabara. Sidhani alinichukia. Hakuniamini tu, na haki hiyo alikuwa nayo.

Mwanangu, aisifuye mvua imemnyea. Mtu akikupa habari yake, amekupa amana. Jina lake lisiingie daftarini hata kwa saa moja, na ahadi usiitoe kabla hujajua utaitunzaje. Ukikosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya vitabu. Nenda kwa uliyemkosea, umwambie kwa kinywa chako, ukae naye mpaka hatari ipite. Akikataa kukusamehe, usimdai msamaha.

Mungu akupe masikio ya kusikia na kifua cha kutunza, na yeyote atakayekufungulia moyo wake asijute kukujua.