Mguu wa Bi Mwanaidi

“Huu mguu wangu mkishaukata, mnaupeleka wapi?”

Aliniuliza hivyo bibi mmoja wa Kwedizinga, akiwa kitandani katika wodi ya wanawake hapa Korogwe, na mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikamjibu mengine. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado chache. Kazi hii inazeesha mapema. Wewe umefika juzi, na jana nilikusikia ukimweleza mgonjwa habari za upasuaji kwa sauti ileile niliyokuwa nayo mimi. Leo nimechoka, kwa hiyo nitasema taratibu. Keti.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule, nikaajiriwa kwenye utafiti wa watu wenye kisukari waliopatwa na vidonda vya miguu. Tulitaka kujua kama kuidhibiti sukari kwa karibu zaidi, kabla na baada ya upasuaji, kunapunguza maambukizi ya kidonda kuliko utaratibu wa kawaida. Lilikuwa swali zuri, na bado naliona zuri. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wagonjwa faida na hatari, kuwaomba ridhaa, kisha kuwafuata hadi majumbani. Vikaoni nilibishana na madaktari: nani kasema dozi ianzie hapo, mmepima kwa watu gani, mbona wanawake wachache. Wengine waliniona kero, na huenda nilikuwa kero kweli.

Bibi yule, Bi Mwanaidi, alikuwa mjane, mkulima wa mahindi. Kisukari kilikuwa kimemwondolea hisia za nyayo siku nyingi. Alikanyaga kaa la moto jikoni kwake na hakujua, mpaka alipoona nyama imebabuka. Akafunga kitambaa, akaendelea kupalilia. Alipoletwa kwetu vidole vilikuwa vimegeuka vyeusi, na harufu ilikuwa inatangulia kabla hujafika kitandani. Daktari mpasuaji aliniita pembeni. Akasema mguu ukikatwa mapema, chini ya goti, mama huyu atatembea tena kwa mguu wa bandia. Vijidudu vikipanda, goti litakwenda. Vikiingia kwenye damu, atakwenda yeye mwenyewe.

Nikavuta kiti karibu naye.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na kisu?”

“Hapana bibi, nimekuja na maelezo.”

“Afadhali kisu. Chenyewe kinaisha haraka.”

Nilimweleza yote. Sukari ikiwa juu nyama haifungi upesi, ndiyo maana tunaishusha kwanza kwa sindano za insulini. Nikamweleza dawa za usingizi na hatari yake kwa mtu wa umri wake, dawa za kuua vijidudu, na kwamba anaweza kukataa utafiti na bado akatibiwa vilevile. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akaniuliza lile swali lake la mguu.

Nikasema, “Hospitali ina utaratibu wake, bibi. Hilo lisikutie wasiwasi.”

Akajifunika khanga mpaka kifuani. “Basi na mimi nina utaratibu wangu. Sikatwi.”

Nilirudi kesho yake, na siku nyingine, na maelezo yaleyale kwa maneno mepesi zaidi. Nikamchorea mguu. Nikamwonyesha kwa kidole jinsi ubaya unavyopanda. Alinipa pole kwa kusema sana. Homa ilikuwa imeanza, wekundu umepita kifundo, na sukari tuliyoihangaikia ilipanda tena kwa sababu ya maambukizi. Kila asubuhi nilimwinulia shuka kidogo na kuona kuwa tunashindwa.

Ndipo akaja mdogo wake kutoka Kwedizinga, Mzee Shekue, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali. Alinisikiliza nikirudia maelezo yangu, kisha akauliza, “Binti, umesoma wapi?”

Nikamtajia chuo.

“Na huko kwenye mitihani mlikuwa mnajibu maswali ambayo mwalimu hakuuliza?”

“Hapana, mzee.”

“Mbona dada yangu unamjibu ambayo hakuuliza? Sukari hakuuliza. Usingizi hakuuliza. Vidudu hakuuliza. Kakuuliza mguu wake unakwenda wapi, tangu ulipokuja mara ya kwanza. Kama hujui, sema hujui. Kama unajua na unaona aibu kusema, niambie mimi, nitaona aibu kwa niaba yako.”

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka ndani ya mto.

Nilikwenda chumba cha upasuaji kuuliza. Iliwachukua muda mfupi tu kunijibu: kiungo kilichokatwa hupelekwa kwenye tanuri la taka, isipokuwa ndugu wakiomba wapewe. Nikarudi nikamwambia bibi bila kuzunguka. “Unachomwa. Pamoja na pamba na bandeji zilizotumika.”

Akauvuta mguu ndani ya shuka. “Nianze kuchomwa nami bado naswali?”

“Tulia, dada,” Mzee Shekue akasema. “Huo moto mwingine bado hawajatuitia.”

Wakanieleza mambo ambayo kwao hayakuhitaji kuelezwa. Kiungo cha mtu aliye hai ni sehemu ya mwili wake, na mwili unakwenda ardhini kwa heshima: kinafungwa kitambaa cheupe, kinachimbiwa, hakiswaliwi. Bi Mwanaidi hakuwa anaogopa kisu wala kufa. Aliogopa kulala kaburini siku moja huku sehemu yake imetupwa pamoja na taka. Mimi siamini kwamba mguu unajua ulikolazwa. Sikuamini siku ile, na hata leo siamini. Lakini haukuwa mguu wangu.

Nikamfuata daktari. Akasema, “Wakiuomba tunawapa. Ufungwe vizuri, asiushike mtu kwa mikono mitupu, na uzikwe siku hiyohiyo. Mbona hukuniambia mapema?” Bi Mwanaidi akaridhia jioni ileile, na upasuaji ukapangwa asubuhi.

Nilimsindikiza Mzee Shekue mjini kununua bafta nyeupe ya kuufungia. Mwenye duka, Mhindi waliyefahamiana naye tangu zamani, alishika mkasi kwa huzuni. “Pole sana, mzee. Nani ametutoka?”

“Hajatutoka mtu. Unatutoka mguu wa dada.”

Yule bwana akafikiri kidogo. “Wa kulia au wa kushoto?”

“Kushoto.”

“Basi pole nusu,” akasema, akakata kitambaa kwa kipimo cha kutoka wayo mpaka chini ya goti, kama Mzee Shekue alivyomwonyesha kwenye mguu wake mwenyewe.

Asubuhi daktari alipofungua alikuta usaha umeshapanda. Ikabidi akate juu ya goti. Alipotoka akinawa mikono alisema, “Zile siku za kungoja,” akaendelea kunawa. Bafta haikutosha. Mzee Shekue akavua shuka lake la begani, akamalizia nalo, kisha akapanda bodaboda amepakata furushi, wakaelekea Kwedizinga.

Bi Mwanaidi alipona. Kidonda chake kilifunga vizuri, sukari ikatulia, na katika matokeo ya utafiti wetu yumo miongoni mwa waliofanikiwa. Ni kweli kabisa. Ila mguu wa bandia wa kuanzia pajani ulimshinda kwenye matuta, akaishia kukaa kibarazani akipukuchua mahindi waliyolima wengine. Goti lake halimo katika matokeo yoyote, maana hatukuwa tumepanga kulipima.

Sasa mwanangu, nisikilize, kwa sababu sitakuwa na nguvu ya kurudia kila siku. Mgonjwa akikuuliza jambo, lijibu hilo kwanza, hata kama unaliona dogo, hata kama haliko kwenye uliyofundishwa. Kama hulijui, mwambie hulijui, uende ukaulize saa hiyohiyo, maana wakati wewe unatafuta maneno mazuri, ugonjwa unaendelea na kazi yake. Akikataa matibabu, usikimbilie kusema haelewi. Muulize anaogopa nini, kisha ukae kimya mpaka aseme. Si lazima uamini anachoamini. Sikuambii uache ubishi, mimi mwenyewe sijauacha. Ila ubishane na nafsi yako pia: nini hujakiuliza? Nani amesimama hapa na hujamtazama?

Mungu akutangulie kila wodi utakayoingia, akuongezee subira mwili unapochoka, na wengi wa wagonjwa wako watoke mlangoni kwa miguu yao.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kwedizinga kwenye hitima ya Mzee Shekue. Bi Mwanaidi akaniambia kwamba siku ile mdogo wake aliponigombeza wodini, alikuwa na kidonda chake mwenyewe cha kisukari ndani ya kiatu. Alikuja kuona tutamtendeaje dada yake, ili aamue kama atuonyeshe na chake. Alipopakata lile furushi na kuona goti limo, alirudi na kidonda chake nyumbani bila kutuonyesha.