Mtu Aliyemchana Mbwa Wake

Maisha yangu yote nimekana kwamba niliwahi kuvaa mbwa. Shuleni nilikana kwa machozi, chuo kikuu nikakana kwa hoja, na mume wangu alipokuta sweta dogo la kijivu chini ya sanduku langu nilimwambia ni sufu ya kondoo wa Njombe. Juzi nilikuwa namenya viazi, redio ikisoma matangazo ya vifo, nikasikia kwamba mzee aliyekuwa jirani yetu Mbeya amefariki kwao Iringa. Kisu kikaniteleza. Basi leo nakiri nusu: huenda nililivaa. Nusu iliyobaki, ya uzi ulikotoka, nilimwachia yeye, nami sikuwahi kumwamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Alikuwa mpishi, amehamia mtaani kwetu kutoka Iringa, alikomtumikia mama wa Kizungu aliyefuga kondoo. Mama yule aliporudi kwao alimwachia mbwa mwenye manyoya marefu kama pazia. Mbwa wetu sisi walifukuza nguruwe mahindini na walijikuna wenyewe. Wake alichanwa kila Jumamosi, tena si kwa chochote kilichopatikana. Nilikuwapo dukani siku alipoingia naye kuchagua kitana. Alipitisha kila kimoja nyuma ya sikio lake mwenyewe, amekunja uso. “Hiki meno yamebanana, kitamng'oa. Hiki cha bati, kitamkwaruza. Nipe cha pembe, chenye nafasi, na ile brashi ya farasi.” Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akamuuliza mtoto anayechaguliwa vitana hivyo yuko wapi. “Amekalia mguu wako, mama.” Watu wakacheka. “Mtu wa Iringa!” mwingine akadakia, kwa utani ule wa zamani kwamba watu wa huko hula mbwa. “Unampamba au unamwandaa?” “Wewe nawa mikono, usubiri,” akajibu.

Vitana tungemsamehe. Kilichotushinda ni gunia. Kwetu nywele haziachwi ovyo. Ukinyolewa unazifukia, adui asizipate. Yeye aliokota kila unyoya uliobaki kwenye kitana, akautia guniani, gunia akaliingiza ndani. “Mtu anayetunza nywele ana mnunuzi,” mama yangu alisema. Mnunuzi naye akapatikana upesi, kwa maneno matupu: mganga wa Makongolosi, anayewauzia dawa wachimba dhahabu. Wanawake wakaacha kumpa kaa la moto la kuwashia jiko. Wazee wa mtaa walipomuuliza gunia lina nini, alisema manyoya. Ya nini? Akarudi kumchana mbwa.

Kipupwe cha mwaka huo kilinishika kifua. Jioni moja yule mpishi akaja mlangoni kwetu na sweta.

“Uzi wa wapi huu?” mama aliuliza, akilinusa.

“Uzi ni uzi, mama. Mvike mtoto.”

Mama alilianika, akaliombea, kisha baridi ikamshinda akanivika. Kikohozi kikapungua. Lakini lilipolowa umande lilitoa harufu, na wanafunzi wenzangu wakawa wananibwekea. Muda si mrefu wazee wakamuuliza tena jirani yetu manyoya ni ya nini, na alipokataa kusema wakamwambia ahame, la sivyo mbwa atawekewa sumu. Akapanda lori la Iringa, mbwa magotini, vitana mfukoni mwa shati.

Nimesoma, nimezeeka kiasi, na katika safu hii nimewahubiria ninyi wasomaji msihukumu haraka. Hata hivyo, mtu akinipa kitu bure bado nakinusa, kama mama. Siku hizi hatusemi mganga, tunasema “huyu ana ajenda.” Ila tazama tunachokishuku. Mtu akimpiga mbwa wake teke, hatumuulizi sababu. Akimchana, tunaitisha kikao. Nadhani tuliuzoea ukali kiasi kwamba upole ndio uliotakiwa kujieleza, na yeye hakujieleza.

Nilikuwa nimeandika hadi hapa, viazi vya leo vikiwa motoni, simu ikalia. Alikuwa binti wa yule mzee, akipiga kutoka Iringa. Namba yangu alipewa na gazeti hili. Nikampa pole.

“Ahsante, dada. Tumemzika na kofia yake ya kijivu. Manyoya ya yule mbwa wa Mbeya, alisokota uzi mwenyewe.”

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kama manyoya yalitosha kofia tu.

“Kofia na sweta moja. La mtoto wa jirani, aliyekuwa na kifua.”

“Mbona hakuwaambia wale wazee?”

“Nasi tulimuuliza. Akasema, angesema tu, mama mtu angemvua mtoto palepale, na baridi ilikuwa bado haijaisha.”

Viazi vilikuwa vinaungua. Sikuinuka.

“Dada, upo?”

“Nipo. Huyo mtoto...”

“Tunamjua, dada. Baba alituambia tusikuulize. Alisema utakataa.”