Manjano, Sabuni na Soksi ya Bwana Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Kariakoo, miaka ile ya hamsini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi watoto arobaini na wawili wa darasa la kwanza na boksi moja la chaki. "Mwalimu Aikaeli," akasema, "mtaala unataka wafundishwe rangi. Rangi zenyewe hatuna. Utajua mwenyewe."

Nilikuwa binti wa Marangu, nimeshuka Dar na sanduku la bati, na mwaka mzima nilikuwa kwenye majaribio. Nyinyi vijana mnaoajiriwa siku hizi mjue maana yake: mwisho wa mwaka Mkaguzi wa shule anakuja darasani kwako. Akitia saini, umethibitishwa. Asipotia, unafungasha. Baba yangu alikuwa ameshaniwekea kikapu cha kuchumia kahawa.

Basi nikaingia sokoni. Manjano yalikuwa yale ya kupikia, kutoka duka la Mhindi. Buluu ilikuwa ya kufulia nguo, na nyekundu ile wanayochemshia ukili wa mikeka. Brashi zetu zilikuwa vijiti vya mswaki, watoto wakizitafuna ncha wenyewe, kwa hiyo nusu ya darasa walikuwa na ndimi za buluu. Maumbo tulifundishia vitu. Duara ilikuwa mfuniko wa sufuria, mstatili kiberiti, pembetatu sambusa. Hapo nilikosea. Nilipogeuka ubaoni kuandika neno pembetatu, pembetatu zote zililiwa.

Kwenye rangi sikuwa na mzaha. Chuoni tulifundishwa kuwa nyekundu, buluu na manjano ni rangi mama, hazitengenezwi kwa kuchanganya. Nyingine zote ni watoto wao. Buluu na manjano huzaa kijani. Niliwakaririsha mpaka wauza kabichi nje ya dirisha wakawa wanaitikia.

Siku moja Mwanaidi, msichana mwenye mapengo mawili ya mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nyekundu inatengenezwa. Manjano na sabuni."

Nikamwambia asiniletee mambo ya jikoni darasani. Alipobisha, nikamsimamisha pembeni mpaka kengele, bila kuegemea ukuta. Alisimama, lakini hakukubali.

Mkaguzi akaja, kaptura nyeupe, soksi nyeupe mpaka magotini, Mwalimu Mkuu nyuma yake akitokwa jasho. Maumbo yakapita salama. Alipokuwa anapita kati ya mikeka, mtoto mmoja akamwaga kopo la manjano kwenye mguu wake. Nikakiona kile kikapu. Mkaguzi akaitazama soksi, akajikaza, akauliza swali lake la mtego: "Nyekundu hutengenezwa kwa rangi gani?"

Kabla wenzake hawajafungua midomo, Mwanaidi akasimama. "Manjano na sabuni."

"Si kweli." Mkaguzi akanigeukia. "Ndivyo unavyowafundisha?"

Kabla sijajibu, Mwanaidi alikuwa ameshachukua sabuni kwenye beseni la kunawia, kapiga magoti, anaisugua soksi ya Bwana Mkaguzi. Pale pale ile manjano ikawa nyekundu. Mwalimu Mkuu akafumba macho.

"Bibi yangu anawasinga maharusi, anawapaka manjano mwilini," Mwanaidi akamweleza taratibu. "Kanga zao zikipata sabuni zinakuwa hivi. Ukisuuza inarudi manjano, ila haitoki."

Mkaguzi akanigeukia tena. "Mwalimu, ulijua jambo hili?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. "Sikujua, Bwana," nikasema. "Aliniambia, nikamwadhibu."

"Hata mimi sikujua," akasema, akatia saini. Kisha akatoka na soksi moja nyekundu, akakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, na watu wakisimama kumtazama.

Sasa nimestaafu, magoti hayanitaki, na walimu wapya wananiuliza ualimu niliujulia wapi. Chuo kilinifundisha mengi, sikikatai. Lakini mchana ule, Mkaguzi alipoondoka, niliona aibu kweli kweli. Nikamwomba Mwanaidi radhi mbele ya wenzake wote, kisha nikaenda kusimama pembeni, pale pale nilipomsimamisha yeye. Watoto wakarudi kwenye michoro yao. Baada ya dakika chache miguu ikaanza kuniwaka, nikasogea nyuma kidogo.

Mwanaidi akainua kichwa kutoka kwenye mchoro wake.

"Mwalimu," akasema, "usiegemee ukuta. Kengele bado."