Shangazi na Pasi ya Mafundi Tisa

Chumba cha mafundi kilikuwa katika ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Kilikuwa na vyerehani tisa na pasi moja tu, nzito, iliyokaa kwenye meza iliyotandikwa blanketi. Kwa miaka kumi na mmoja msimamizi wa pasi hiyo alikuwa mshonaji wa magauni ambaye kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Shangazi.

Ni yeye aliyetunga masharti: mtu asiikalie pasi zaidi ya robo saa, na anayeiacha imelala kifudifudi hukosa zamu zake zote za siku hiyo. Ni yeye pia aliyeandika zamu ukutani kwa chaki, na ugomvi ulipozuka, ni yeye aliyeamua. Hakuwa mwonevu. Alikuwa na haraka tu, na kazi zilikwenda.

Siku moja alikuwa akinyoosha gauni la harusi ambalo mama wa bibi harusi angelifuata saa kumi. Mteja akamwita mlangoni, akaenda. Moshi ndio uliomrudisha. Gauni lilikuwa pembeni, salama. Lakini blanketi lilikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi.

Mafundi wote waliacha kushona, wakageuka kuitazama meza.

"Jamani, ni bahati mbaya," alisema Shangazi. "Nimeitwa ghafla. Yameisha."

"Yameisha kwa hukumu ya nani?" aliuliza fundi wa vifungo, mzee mwembamba aliyekaa karibu na dirisha. Mwezi uliopita Shangazi alimkosesha zamu kwa kosa hilohilo, naye siku hiyo alikuwa ameitwa na mkewe.

"Yangu. Kwani humu huamua nani?"

"Makubwa haya! Shangazi amejishtaki, amejitetea na amejiachia huru, hata chai yake haijapoa!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Shangazi alijikaza, kisha tabasamu likamponyoka.

"Hata katika nchi," mzee aliendelea, sasa kwa upole, "wanaotunga sheria wana bunge lao, wanaozitekeleza wana ofisi zao, na mahakimu wana mahakama yao. Wewe, Shangazi wetu, vyote vitatu umevitia kwenye mfuko mmoja wa aproni."

Shangazi alitazama saa. Saa nane na nusu, na gauni lilikuwa limenyooshwa nusu tu. Akachukua kitambaa, akafuta jina lake ukutani.

"Basi chagueni watu watatu waamue. Mimi sitasema neno."

Watatu waliochaguliwa waliteta pembeni kwa dakika tano. Wakaamua kwamba sharti ni la wote. Shangazi asiiguse pasi hadi kesho. Alikubali, lakini macho yake hayakubanduka kwenye gauni.

"Zamu inayofuata ni ya nani?" aliuliza fundi wa vifungo, akijifanya kusoma ukutani. "Kumbe yangu. Na sharti halisemi ninyooshe nguo ya nani. Au linasema, waheshimiwa?"

Waheshimiwa walikiri kwamba halisemi. Mzee akalilaza gauni mezani.

"Polepole hapo kiunoni, pana lesi," alisema Shangazi, mikono nyuma.

"Nyamaza, mfungwa."

Saa kumi mama wa bibi harusi alikabidhiwa gauni lisilo na mkunjo hata mmoja.

Tangu siku hiyo masharti hutungwa na wote tisa, ugomvi huamuliwa na watatu wanaobadilishwa kila mwaka, na Shangazi amebaki na chaki ya zamu. Juzi nilipotoka shuleni ninakofundisha na kumpelekea suruali ya kupunguza, nilimwuliza kama hajihisi amepungukiwa. Akacheka.

"Kupungukiwa nini, Mwalimu? Sasa nainywa chai yangu ingali moto."